Fizi za Fundi

Mbele ya kibanda cha fundi wa nguo pana benchi lenye miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Wenye benchi ni watatu vilevile. Yupo Fundi, ambaye baridi yabisi ilimvimbisha vidole, na kifo cha mkewe, miezi minane iliyopita, kikampunguzia maneno. Yupo kinyozi wa jirani aitwaye Redio, kwa kuwa hazimwi. Na yupo mshona viatu aitwaye Hakimu, ingawa hajawahi kumaliza kesi hata moja. Asubuhi ile Fundi alikuwa na miadi kliniki ya meno saa nne, na tangu saa mbili alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia asiende.

— Hebu rudia, alisema Redio akijimiminia kahawa kutoka kwenye birika. Umekwenda kutibiwa vidole, wakakuchungulia mdomo?

— Ndiyo. Daktari wa viungo kasema fizi zangu zimeharibika. Zisafishwe kwanza, ndipo anipe dawa mpya. Ati fizi mbovu huenda zinachochea na viungo.

— Huenda! akadaka Hakimu. Huenda nasema mimi, nikiulizwa kiatu kitakuwa tayari lini.

— Nyie hamjui, akasema Redio. Ni mshipa. Unaanzia gego la chini, unapita shingoni, unaishia kidole gumba. Ndiyo maana mtu akiumwa jino hushika shavu. Mkono unafuata mshipa wake.

— Basi kibogoyo haumwi viungo, akasema Hakimu. Ng'oa yote, Fundi! Uanze upya kama mtoto mchanga.

— Umemwona mtoto mchanga gani anayeshona suruali? akauliza Redio.

Fundi alicheka mdomo ukiwa umefumbwa, maana hata kucheka kulimtonesha.

— Kila alfajiri namwomba Mungu anirudishie vidole, alisema polepole. Kumbe nilipaswa kuombea magego. Tundu moja la kifungo sasa linanichukua saa nzima. Nikikosa dawa hiyo, cherehani nitaifunika shuka.

— Kwani hupigi mswaki? aliuliza Hakimu.

— Kliniki wameniuliza hivyohivyo nilipoomba miadi. Nikasema mara mbili.

— Si vizuri?

— Sikuwaambia ni mara mbili kwa wiki.

Redio alipaliwa na kahawa. Alipopata pumzi akatoa hukumu: kliniki isubiri, kwanza mshipa ukandwe. Hakimu akaunga mkono, jambo ambalo halijapata kutokea. Fundi alishukuru moyoni. Sababu ya kutokwenda ilikuwa imepatikana.

Hapo akafika mpishi wa shule, mama mgeni pale, aliyesikia yote toka barabarani, kuchukua aproni yake. Fundi akakata uzi wa mwisho. Mama akautazama mkasi.

— Kaka, mbona mkasi umeuvisha nguo?

— Ni marehemu mke wangu, dada. Alizungushia vitambaa mishikio iwe minene. Vidole vyangu havikunjiki sawasawa.

— Na mswaki je?

Redio akazimika. Fundi aliugeuzageuza mkasi. Mswaki wake wa zamani nao ulikuwa na mpini mnene, umevishwa mpira. Baada ya mazishi mashemeji walisafisha nyumba wakautupa, naye akanunua mpya, mwembamba kama njiti, ukawa unamponyoka kila akiushika, hadi akabaki na mara mbili kwa wiki. Miezi minane alikuwa akiwalaumu wenye kiwanda.

— Miaka kumi na moja mke wangu alinipa miswaki minene, alisema. Nilidhani inatoka dukani hivyo.

Mama alichukua aproni yake, akaaga kwa sauti ya chini.

Fundi aliingia ndani, akarudi na mswaki na kipande cha flana. Alizungusha, lakini fundo likamshinda. Hakimu akampokonya, akalikaza kwa uzi wa viatu.

— Haya, huo hautatoka hata ukifa.

Redio aliinamisha birika. Halikutoa hata tone.

— Na mshipa wangu je, Fundi?

— Ukande wewe. Mimi nakwenda kliniki. Na leo wakiniuliza mara ngapi, nitawaambia ukweli.