Mchoro wa Chumba cha Sulay

TRUPHENA: Haloo? Nani mwenzangu?

MOURINE: Mwalimu… ni mimi, Mourine. Wa Riyadh, huku Sulay.

TRUPHENA: Mourine! Mbona namba ngeni? Uko salama?

MOURINE: Simu ni ya Peris, mwenzangu wa humu chumbani, alikuwa ameificha. Yangu bosi wa ofisi iliyotuleta kazi alichukua pamoja na ikama, kile kibali cha kukaa huku. Niko chooni, nimefungulia maji. Unanipata?

TRUPHENA: Kwa mbali. Ongea tu.

MOURINE: Ile kazi ulinipa, nimemaliza. Nimepima chumba.

TRUPHENA: Umepima na nini?

MOURINE: Na miguu yangu. Nyayo ishirini kwa kumi na tano. Tuko kumi na tisa, mwalimu. Tunafungiwa kwa nje mpaka kafili mwingine, mwajiri mpya, aje kutuchagua.

TRUPHENA: Yesu wangu. Na watu umewachora?

MOURINE: Wote, vile tunalala. Si ulituambia kwa maombi ya simu, wale walipinga biashara ya watumwa walichora meli—

TRUPHENA: —na watu ndani wamepangwa kama kuni. Ndiyo. Maneno yao yalibishiwa miaka, lakini ule mchoro ulibandikwa ukutani, watu wakajionea.

MOURINE: Basi na huu wajionee. Mwalimu, nimeandika majina.

TRUPHENA: Majina gani?

MOURINE: Yetu. Kila mtu na pahali analala.

TRUPHENA: Hapana! Mourine, futa! Huo mchoro unaenda Nairobi, kwa wabunge, kwa magazeti. Hiyo ofisi ikiona jina lako watakufanya nini? Mimi hapa Jeddah siwezi hata—

MOURINE: Tuliongea, sisi wote. Lorine aliuliza, wale wa meli, mama zao wangejuaje mtoto wangu ni huyu?

[mtandao unakwaruza]

TRUPHENA: …Haloo?

MOURINE: Niko. Nimetuma picha. Imefika?

TRUPHENA: Bado. Inazunguka tu.

MOURINE: Mwalimu, harakisha, nasikia funguo.

TRUPHENA: Sasa ndiyo hii, inafunguka. Imefika! Ifute kwa hiyo simu, haraka!

MOURINE: Nafuta. Halas, imefutika.

TRUPHENA: Nawaona. Lorine, Peris, wewe… Mourine, hapa kando ya mlango kuna jina bila mtu. Maryann.

MOURINE: [sauti ya chini] Walimtoa Jumanne na homa yake, hata kusimama alikuwa hawezi. Tukiuliza tunaambiwa mafi, hakuna mtu kama huyo. Tumemwachia nafasi yake.

TRUPHENA: Walimpeleka wapi?

MOURINE: [mlango unagongwa] Aiwa, baba! Naja!

TRUPHENA: Mourine, kata simu! Ifiche!

MOURINE: Usifute mtu, mwalimu. Hata huyo.

TRUPHENA: Sifuti. Unanisikia? Sifuti hata mmoja. Mourine? Haloo?

[simu imekatika]