Lucius Renfroe na Sheria ya Helmeti

Mchungaji, wifi yangu Odessa, wanangu Marvella na Quentin, majirani wa Carrow, na ninyi mabwana wenye pete nene za ubingwa mliojipanga viti vya nyuma kana kwamba mnaogopa sadaka, poleni na asanteni kwa kuja. Mimi ni Verlene Renfroe, mdogo wake marehemu, dereva mstaafu wa basi la shule, na familia imenipa kazi hii kwa sababu, kama alivyosema wifi jana jikoni, mimi peke yangu ndiye ninayeweza kulia na kusoma kwa wakati mmoja.

Marehemu Lucius Ezell Renfroe alizaliwa Jumamosi tarehe 11 Machi 1961, hapa hapa Carrow, jimbo la Ohio, katika nyumba yetu ya mtaa wa Fulton, akiwa mtoto wa kwanza wa Ezell Renfroe, mfanyakazi wa tanuru la chuma, na Ludie, mpishi wa shule ya msingi, na Mama, Mungu amrehemu, alipenda kusema kwamba kichwa cha mtoto huyu kilikuwa kikubwa tangu siku ile, na kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuumizwa nacho.

Alipata elimu ya msingi katika shule alikopika Mama, kisha mwaka 1975 akajiunga na sekondari ya Carrow, ambako alikutana na mpira wetu huu wa helmeti na mabega ya plastiki, na akakutana na Kocha Stamm, ambaye kila Jumatatu alibandika stika nyeusi yenye picha ya nyundo kwenye helmeti ya kijana aliyempiga mpinzani mpaka akalala chini. "Kichwa chini, Renfroe," alikuwa akimpigia kelele kutoka pembeni, "mpitie kama mlango!" Lucius alimtii, akawapitia watu kama milango, na alipomaliza shule mwaka 1979 helmeti yake ilikuwa imejaa nyundo hata rangi ya shule haionekani, tukaiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, kando ya picha ya Yesu, na Baba alipopata wageni aliwaonyesha helmeti kwanza.

Baada ya chuo, mwezi Mei 1983, aliajiriwa na timu ya Wahunzi wa Erie kama mlinzi wa nyuma kabisa, yule ambaye mshambuliaji akimpita hakuna mwingine wa kumzuia, na alifanya kazi hiyo hadi Januari 1995, akapendwa kuliko hata meya, na ninyi mabwana wa nyuma mlicheza naye na mnajua kwamba sisemi uongo. Jumapili tarehe 13 Desemba 1987, theluji ikianguka, alimpiga kwa utosi wa helmeti Ndugu Wendell Stroud wa timu pinzani, aliyekuwa ameruka kudaka pasi na hakumwona anakuja, na Ndugu Wendell aliamka hospitalini akiwa amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto, na mkono wake unatetemeka hadi leo. Pigo lile liliwekwa kwenye matangazo ya runinga, likachapwa kwenye fulana, na Lucius alizitia fulana hizo saini akicheka, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyomlea wote, mimi nikiwemo, tulioruka kwenye viti vyetu siku ile tukimwaga vinywaji. Ndugu Wendell yupo hapa, safu ya pili, na amekuja kwa sababu kuanzia kiangazi cha mwaka 1996 hadi miguu ilipomkataa, Lucius alikwenda kwake kila mwaka kumkatia nyasi, na mara ya kwanza hakufunguliwa mlango, akakata nyasi akaondoka.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Juni 1985, mbele ya madhabahu hii, na Odessa Crume, mwalimu wa muziki, mwanamke mwenye subira ambayo mimi sijajaliwa, na Mungu akawapa watoto wawili, Marvella aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1988, ambaye leo ni muuguzi, na Quentin aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1993, ambaye alirithi mwendo wa baba yake, ubishi wa baba yake, na kwa bahati njema au mbaya, nafasi ya baba yake uwanjani. Kuanzia mwaka 1996 Lucius alifundisha mpira sekondari ya Carrow, akafundisha kuangusha mtu kwa bega, kichwa pembeni, macho juu, wala hakubandika stika yoyote, na alimfundisha Quentin hivyo hivyo, lakini Quentin alipofika kwenye ligi ya wakubwa, mwaka 2015, alikuta makocha wengine na makofi mengine ya mashabiki, na kichwa kikashuka.

Sasa nafika mwaka 2019, na mtaniwia radhi nikikaa hapo kidogo, kwani ndipo kaka yangu alipopoteza marafiki. Ligi ilikuwa inajadili sheria mpya, kwamba mchezaji yeyote atakayeinamisha kichwa na kumpiga mwenzake kwa helmeti atolewe uwanjani, na waliopinga walimwalika Lucius kwenye kikao cha tarehe 26 Machi, katika hoteli moja kule Arizona, wakiamini kwamba mtu wa pigo la Desemba hawezi kuwaangusha. Walisema mengi, na mengine yalikuwa na akili, kwamba mchezo ni wa kasi na mwamuzi hawezi kuona kichwa kilishuka lini, kwamba hata anayekimbia na mpira huinama, kwamba mlinzi akikatazwa juu ataenda kuvunja magoti, halafu wakaonyesha filamu ya pigo la Lucius ukutani na mmoja akasema, "Mabwana, huu ndio mpira wenyewe, tukiutoa huu tunabaki na gwaride."

Lucius akaomba filamu irudishwe nyuma, isimamishwe, akaenda akaweka kidole ukutani. "Nitazameni macho," akawaambia, "simtazami Wendell hapo, natazama nyasi. Nilimpofusha mtu ambaye sikumwona, na ninyi mmenilipia nauli nije nijisifu." Kisha akasimama pale pale, akaweka kidole tena, akasema tena maneno yale yale, neno kwa neno, na wajumbe wakadhani anakazia, baadhi wakafuta machozi, lakini Odessa, aliyekuwa amekaa nyuma yake, alijua kwamba mumewe hakumbuki kuwa ameshayasema. Sheria ikapita, na wifi yangu alirudi safari ile nzima akiwa ameshika mkono wake ndani ya ndege, bila kumwambia kilichompa ushindi.

Wenzake wa zamani walimtumia mito ya kulalia kwa posta, mto baada ya mto, eti mpira ameufanya laini, na kinyozi aliyemnyoa tangu utoto alimuuliza mbele ya watu kama sasa atapenda wachezaji washikane mikono, naye akajibu, "Wewe ninyoe tu, ukinikata sikio nitakutoa nje." Hayo aliyabeba. Ambalo hakuweza kulibeba lilitokea Jumapili tarehe 15 Septemba 2019, pale mchezaji wa kwanza katika ligi nzima alipotolewa kwa sheria ile, na mchezaji huyo alikuwa Quentin Renfroe, ambaye jioni aliwaambia waandishi wa habari, "Mzee wangu ameshakula akashiba, sasa anatufungia jiko."

Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba mwaka huo, walikaa meza moja, batamzinga katikati yao, na Quentin akauliza, "Yule jamaa ana kilo mia moja na anakuja mbio, Baba, ningemwangusha na nini, sala?" Lucius akamjibu, "Na bega, mwanangu, Mungu amekupa mawili." Quentin akasema kwamba watu wanamwita mtoto wa msaliti kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha timu yake mwenyewe, akachukua koti, akaondoka kabla ya pai ya viazi vitamu, na tangu hapo alimpigia simu mama yake tu, saa ambazo alijua baba yake amelala.

Mwaka 2020 daktari wa Cleveland alieleza kwamba ubongo wa Lucius umechoka kwa kugongwa miaka mingi, na kwamba ugonjwa wenyewe huthibitishwa mtu akishafariki, na Lucius, siku ambayo akili ilikuwa safi, aliagiza ubongo wake wapewe madaktari wauchunguze, jambo ambalo limeshafanyika, na tafadhali msiniulize habari zake huko ukumbi wa chini wakati wa chakula. Alisahau njia ya kutoka kanisani hadi nyumbani, akasahau jina langu, akawa na hasira ambazo hazikuwa zake, akarusha sahani, akamfukuza Odessa kwenye nyumba yao wenyewe akidhani ni mwizi, kisha akamlilia usiku kucha akiuliza mke wake yuko wapi. Niliumia, na nimeikasirikia kila nyundo iliyobandikwa kwenye helmeti ile.

Jumapili tarehe 14 Januari mwaka huu, katika mechi ya mtoano, dakika ya mwisho, Quentin alibaki peke yake na mkimbiaji mbele ya mstari, na kila anayejua mpira aliona kwamba angeinamisha kichwa angemsimamisha, lakini aliinua uso, akaenda na bega, mkimbiaji akateleza akapita, timu yake ikatolewa, na mashabiki wake wakamtukana hadi mama yake. Jumanne alikuja nyumbani bila kuaga mtu, akakuta kitanda cha baba yake sebuleni na runinga ikirudia kosa lake, akanyoosha mkono kuizima, na Lucius, ambaye hakuwa amesema neno la maana tangu Krismasi, akamzuia.

"Acha, bwana," akamwambia, "muone huyo kijana, amemtazama mtu wake mpaka mwisho." Akaitazama ikarudiwa, kisha akamgeukia mwanawe asimtambue, akauliza, "Unamfahamu?" Quentin akajibu, "Namfahamu kidogo, mzee." Lucius akamwambia, "Basi ukimwona mwambie aache kuhuzunika, aende zake nyumbani, baba yake atakuwa anamngoja." Quentin akapiga magoti kando ya kitanda amwambie, lakini baba yake akawa ameshalala usingizi, na hakusema tena hadi alipofariki Alhamisi tarehe 25 Januari 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Odessa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Cleveland waliomhudumia bila kumwonea haya, majirani wa mtaa wa Fulton waliomrudisha nyumbani kila alipopotea na wakajifanya wanapita tu njia ile, vijana wake wa sekondari waliosukuma theluji mlangoni kwetu, kina mama wa kanisa walioleta kuku na makaroni tukashindwa kumaliza, Ndugu Wendell na mkewe, na wenzake wa Wahunzi wa Erie, hata wale wa mito, kwani mmekuja na mtambeba.

Lucius, kaka yangu, kazi yako umeimaliza na kichwa chako hakikuumi tena, pumzika kwa amani, na mwanao, ambaye ameshindwa kusimama hapa, ameniomba nikwambie kwa sauti mbele ya watu wote kwamba ujumbe wako aliupokea, na kwamba yule kijana ni yeye.