Papa Onésime Katembo Vahwere (1953–2025), fundi wa trakta za bustani

Papa Onésime Katembo Vahwere, ambaye tumemsindikiza hadi hapa leo, alizaliwa Kyondo tarehe 9 Mei 1953. Wazazi wake walikuwa marehemu Kambale Mathe na marehemu Kavira Anastasie. Kwa desturi ya Wanande, Katembo ni jina la mvulana wa tano, na yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba shati lilimfikia likiwa limeshavaliwa na wanne.

Baba yake alitunza bustani ya misioni. Nyuma ya mistari ya poro na karoti kulikuwa na banda, na ndani ya banda trakta ndogo nyekundu ya magurudumu manne, inayomfika mtu kiunoni, iliyoletwa kutoka Ulaya kabla ya uhuru. Kila asubuhi Onésime alitumwa kumpelekea baba yake chai. Chai ilifika baridi kila siku, kwa kuwa mtoto alisimama kwanza kusikiliza ile mashine ikiwashwa. Mama yake alimchapa mara mbili kwa kosa hilo, kisha akachoka, akaanza kuifunga birika kwa kitambaa.

Alisoma shule ya msingi palepale Kyondo, akamaliza mwaka 1966. Miaka miwili baadaye baba alifariki, naye akaacha sekondari katika mwaka wa pili. Padri mmoja alimtafutia nafasi katika shule ya ufundi mjini Butembo, na mwaka 1973 akapata cheti, breve ya mekanika. Ile karatasi iliungua mwaka 2002 pamoja na vitu vingine tutakavyovitaja.

Alifika Goma mwezi wa nane 1979, amekaa juu ya magunia ya vitunguu katika lori lililotoka Butembo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye bustani ya masista, ya pili kwenye majani ya hoteli moja kando ya ziwa. Wakati ule mji wetu na vilima vya jirani vilikuwa na trakta nyingi za bustani za miaka ya hamsini na sitini, zilizoachwa na wenye mashamba walipoondoka. Kuku walikuwa wanatagia kwenye viti vyake. Vipuri vyake havikutengenezwa tena popote, na mafundi wengine walizikataa.

Papa Onésime hakuzikataa. Mwaka 1984 alifungua garaji yake mtaa wa Murara, naye akajulikana kwa kazi hiyo moja. Joint, zile za kuziba kati ya vyuma, alizikata kwenye katoni ngumu, akazilowesha mafuta. Mikanda aliishona kwa mpira wa tairi. Mashine ikiwa imewashwa, aliweka ncha ya turnevisi, yaani bisibisi, kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, na ole wako umsemeshe. Wateja aliwagombeza kama watoto. "Mafuta yako iko nyeusi sawa kahawa," alimwambia sista mmoja mkubwa wa shirika, akionyesha trakta yake. "Huyu ni muzee. Muzee unamupa kahawa tumbo tupu?" Sista akaomba msamaha.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na Mama Henriette Masika, ambaye yuko hapa. Mungu aliwajalia watoto wanne: Paulin, Jeanine, Benny na Fabiola.

Mwaka 1988 alikuja pale garaji mtu mmoja na kisanduku chake cha mbao cha vyombo. Jina lake Habineza. Alikuwa tayari fundi kamili. Papa alijua gia na mikanda. Habineza alijua moto wa injini: bujii zinazotoa cheche, magneto, karburateri. Walifanya kazi bega kwa bega miaka ishirini na minne. Walibishana kila siku juu ya redio, na hatukuwahi kuwasikia wakigombana juu ya kitu kingine.

Siku ya Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 volkano ililipuka, na ule moto ukateremka kuelekea Murara. Mama Henriette alikuwa amejifungua Fabiola siku tatu tu kabla, hakuweza kutembea. Habineza alikuwa ameshavusha familia yake mwenyewe mpakani. Akarudi mbio, watu wote wakimpita upande wa pili. Alimkuta Papa anavuta kamba ya trakta, inavutika, haiwaki. "Sogea!" akamwambia. Akafungua bujii, akaipangusa kwa shati lake, akairudisha, akavuta kamba mara moja tu. Mama na mtoto wakapandishwa kwenye kigari cha nyuma, na ile trakta ikaenda mwendo wa mtu anayetembea hadi mpakani, Gisenyi, Papa akiendesha, Habineza akisukuma kila penye mlima. Garaji na mashine tisa zilifunikwa. Mwaka uliofuata walianza upya wote wawili, mtaa wa Majengo.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe. Mwezi wa tisa mwaka huu, akiwa kitandani, alimwita Fabiola na daftari, akamsimulia maisha yake kwa ajili ya karatasi hii. Alifika mwaka 2012. Kisha akasema, "Andika na ile ya Habineza."

"Papa, kwa maziko? Mbele ya watu?"

"Mukiondoa ile, mutazika mutu mwengine."

Basi ilikuwa hivi. Novemba 2012 vita vilikuwa vinakaribia mji, na watu walianza kuhesabiana kwa lugha; ya Habineza ilikuwa Kinyarwanda. Asubuhi moja vijana kama kumi walisimama mlangoni pa garaji, mawe mkononi. "Muzee," mmoja akasema, "ule mutu wako atoke, ao tunachoma hapa." Habineza alikuwa amepiga magoti mbele ya trakta ya mteja, mikono imejaa grisi, ameshika joint. Papa hakuwajibu wale vijana. Aliokota kile kisanduku cha mbao, akakiweka nje. Habineza akamwangalia, akauliza, "Onésime, nimalize hii joint?"

"Enda tu," Papa akasema, akiangalia chini. Habineza alipotoka, akafunga mlango.

Hawakumpiga. Jirani yetu Birindwa, dereva wa lori, alimpakia haraka akamtoa mjini. Lakini Papa hakujua hilo hadi siku ya tatu, na siku hizo tatu hakula. Mama Henriette aliona yote kutoka jikoni. Alimwuliza swali moja, akikumbuka ile siku ya volkano: "Fabiola anaishi juu ya nani?" Baada ya hapo alimpakulia chakula mwezi mzima bila kumsemesha.

Papa hakujitetea kamwe. Hakusema kwamba wangemchomea, ingawa huenda wangemchomea kweli. Alimtafuta Habineza miaka mitatu na zaidi, akiuliza madereva na wauza viazi, mpaka mwezi wa sita 2016 alipomkuta Kibumba, analima vitunguu. Habineza alimtolea kiti nje, akamletea chai. Papa akaomba msamaha. Habineza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia tu, 'Habineza, ninaogopa,'" alisema. "Ningeenda mwenyewe. Haukuniangalia hata."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na trakta ndogo ya jirani iliyokufa, na Papa alipouliza ina nini, Habineza alimwonyesha. Tangu siku hiyo Papa alikwenda Kibumba mara tatu au nne kwa mwaka. Walizungumza mashine tu. Mwisho wa 2022 vita vikaifunga ile barabara, na kwa zaidi ya miaka miwili hakujua kama rafiki yake yuko hai.

Papa aligunduliwa kuwa na presha mwaka 2019, na mwaka 2023 daktari alisema figo zimeanza kuchoka. Januari ya mwaka huu vita vilipoingia mjini, garaji ilibomolewa, vitu vyote vikabebwa, hadi meza. Trakta moja tu ilibaki, ya mwaka 1961, kwa sababu waliokuja walishindwa kuiwasha. Maji yalikuwa yamekatika mjini kote. Papa, akiwa na miguu iliyovimba, aliiwasha, akafunga kigari, akaanza kuteremka ziwani na mabidoni, madumu ya maji ya watu wa avenue yetu. Mama Henriette alimshika koti. "Onésime, utakufa njiani!"

"Mama Kahindo iko na watoto saba na hana maji," akajibu, akimtaja jirani yetu mjane. "Niache."

Alichota maji siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hakuweza kusimama. Miezi iliyofuata dawa zake zilikosekana, zikapatikana, zikakosekana tena. Katika mwezi wa kumi hospitali ilimrudisha nyumbani, na sote tulielewa.

Barabara ya Kibumba ilikuwa imefunguka. Mama Henriette, bila kumwambia mgonjwa, alimtuma Benny na pikipiki. Habineza alikuja siku hiyohiyo, amezeeka, amekonda. Alikaa kwetu siku nne. Alimbeba Papa kumpeleka msalani, akamwogesha, akamkata kucha zenye alama ya grisi isiyotoka. Siku ya mwisho Papa alimshika mkono, mbele ya Mama na Fabiola.

"Habineza, unisamehe."

Habineza aliinyoosha shuka kwa mkono mwingine. "Bado," akasema. "Siwezi kukudanganya na unaumwa hivi. Geuka, shuka imekunjika."

Papa akageuka. Fabiola alitoka nje kwa hasira. Aliporudi aliwakuta wanabishana juu ya redio, sauti ya mmoja ikiwa imebaki pumzi tu.

Papa Onésime alikata roho nyumbani, Majengo, Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, Mama Henriette akiwa amemshika kichwa. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

Juzi katika familia kulikuwa na mvutano kuhusu karatasi hii. Paulin alisema aibu ya nyumba haisomwi makaburini, na kwamba baba alikuwa mtu mwema, hilo latosha. Mama Henriette aliwaacha waseme wote. Kisha akamgeukia Fabiola: "Alikuambia uandike. Wewe uliandika. Soma."

Papa ameacha mjane wake, Mama Henriette Masika, watoto wake Paulin na mkewe, Jeanine na mumewe Grégoire, Benny, na Fabiola, wajukuu sita, na dada yake Mama Kyakimwa wa Butembo. Tulimpigia Mzee Habineza simu, tukamwomba ruhusa ya kuliandika jina lake hapa kama ndugu wa marehemu. Akasema, "Hapana. Muandike fundi mwenzake." Tumeandika hivyo. Amesimama pale nyuma, karibu na geti.

Mungu, anayemjua Papa Onésime mzima bila sisi kumpunguzia wala kumwongezea, ampe pumziko na amani.