Sisimizi wa Mlima wa Palitana

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa ibada ya Ijumaa. Mchungaji ameniomba nisimame kidogo mbele yenu, na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno mengi, nimeyaandika ili yasinitawanyikie. Wengi mnanijua: Barasa, fundi wa viyoyozi, yule anayeketi safu ya mwisho karibu na mlango. Mlidhani napenda upepo. Ukweli ni kwamba viti vya roshani vilikuwa vinanishinda kufika, na leo nataka kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa katika kifungo hicho, kwa njia ambayo mimi mwenyewe nisingeichagua.

Kazi yetu hapa Doha iko juu ya paa. Mashine kubwa za kupoza hewa hukaa huko, na njia ya kuzifikia mara nyingi ni ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani, imesimama wima. Kiangazi kimoja tulikuwa kwenye nyumba moja kule Muaither. Mwenzangu Otieno alikuwa ameshafika juu. Nilipobakiza vipandio vichache, vishikizo vya juu vikang'oka ukutani, ngazi ikaanza kuegemea nyuma pamoja nami. Otieno alijitupa kifudifudi, akaikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, na kuishikilia hadi nikavuka ukingo. Sikupata hata mkwaruzo.

Ndugu zangu, mwili wangu ulishuka salama siku ile, lakini kuna kitu ndani yangu kilibaki kikining'inia pale.

Tangu hapo nikiweka mguu kwenye kipandio cha tatu, magoti yalikufa. Jasho lilinitoka hata Januari. Nilianza kufunga mkanda mpana wa ngozi, nikaukaza hadi tundu la mwisho, nikiutoa wakati wa kulala tu, kana kwamba mkanda wa suruali unaweza kumzuia mtu asianguke. Otieno alinipandia kazi zote za juu, akinitania mbele ya watu wa kambi yetu kule Sanaiya, eneo la viwanda: "Huyu ndiye fundi wa ghorofa ya chini. Ukitaka akutengenezee kiyoyozi, kishushe kwanza." Nilicheka pamoja nao. Ndani sikucheka.

Kisha msimamizi wetu akatangaza kwamba baada ya msimu wa baridi kila fundi atapimwa upya kazi ya kupanda. Atakayeshindwa, mkataba wake hautaongezwa. Nina binti, Nekesa, anayesomea uuguzi kule nyumbani, na yuko katikati ya masomo. Nilijua maana ya kurudishwa Bungoma wakati ule.

Niliomba. Nilifunga. Nanyi mliniombea, Mama Njeri aliniwekea mkono kichwani hapa mbele akaomba hadi sauti ikamkauka. Woga ulikaa palepale. Sisemi hivyo kuyadharau maombi yenu. Nasema kwa sababu baadhi yenu mnaomba jambo na linakaa palepale, na mnadhani ni ninyi peke yenu.

Sasa nimtaje Hasubhai. Ni mtunza stoo wetu, mzee kunizidi, wa dini ya Kijaini. Alizaliwa Thika, baba yake akiuza vitambaa, kisha familia ikarudi India akiwa kijana. Kiswahili chake ni cha dukani, cha zamani, lakini hakijakosa chumvi. Hali nyama, hali yai, hali hata kitunguu wala kiazi, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea wote na wadudu waliomo udongoni. Chakula chake cha jioni hula kabla jua halijatua. Kwa muda mrefu nilimwona mtu wa masharti tu. Hatukuwa na ugomvi, wala hatukuwa na urafiki.

Siku moja alinikuta stoo nikitafuta bomba fupi, akanitazama mkanda.

"Barasa, wewe una likizo, mimi nina goti," alisema. "Daktari anataka kulikata goti hili aweke la chuma. Kabla hajalikata, nataka linipandishe Palitana mara moja, kwa miguu yangu. Nataka mtu wa kumshika bega."

"Hasubhai, hali yangu unaijua."

"Naijua sana. Wewe huwezi kupanda, mimi siwezi kutembea. Wabovu wawili wakiungana hupatikana mzima mmoja."

Palitana ni mji wa Gujarat, na juu yake kuna mlima mtakatifu wa Wajaini, wenye mamia ya mahekalu kileleni na vipandio vya mawe elfu kadhaa. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikafikiri: nikirudi kupimwa nikiwa hivi, nimeshindwa. Nikienda nikashindwa, nimeshindwa vilevile, lakini mzee atakuwa na bega hata kwa nusu ya njia.

Mama Njeri aliposikia, alinisubiri nje ya geti hapa Abu Hamour baada ya ibada.

"Ndugu Barasa, unaenda kwa mlima wa sanamu kutafuta nini?"

"Naenda kuwa fimbo ya mzee, Mama."

"Fimbo nayo huinama."

"Hii itasimama wima, Mama. Wewe niombee goti, shingo niachie mimi."

Hakucheka, lakini aliniombea.

Tulifika Palitana wakati wa baridi, tukalala katika nyumba ya wageni wa hija. Maji yalichujwa kwa kitambaa safi kisha yakachemshwa. Nilimuuliza Hasubhai sababu, nikitarajia aseme ni ya kuzuia magonjwa. Akasema, "Hata ndani ya maji wamo wenye uhai ambao hawajatukosea."

Alfajiri tulikwenda chini ya mlima. Mlangoni mlinzi alininyooshea kidole kiunoni. Sikuelewa. Hasubhai akacheka mpaka akashika goti: "Mkanda, bhai. Hiyo ni ngozi ya ng'ombe aliyeuawa, hata kipande chake hakipandi mlima huu."

Ndugu zangu, mlinzi angeniomba pasipoti ningempa kwa urahisi zaidi. Nilisimama pale nimeushika mkanda wangu kwa mikono miwili. Mwishowe niliuacha pamoja na viatu, na Hasubhai akachana upindo wa shuka lake la pamba akanifunga suruali. Hivyo ndivyo Mkristo wa Bungoma alivyoanza kupanda mlima wa Wajaini: peku, amefungwa kitambaa kama mtoto wa nasari.

Mwanzoni vipandio vinapita kati ya miti na kuta, na mkono wa mzee ulikuwa mzito begani mwangu, nikapata la kushughulikia. Lakini ilifika kona ambapo ukuta unakwisha na bonde linafunguka lote, mashamba yakiwa madogo kama vigae. Niliona tena ile ngazi ya Muaither. Nikaketi, nikashika jiwe.

Wabebaji walipita na viti vyao vya mianzi, wakituita tubebwe. Hasubhai aliwakataa kwa mkono. Nikamwambia aende nao.

"Nikibebwa, goti langu litakuwa limepanda nini?" aliuliza. Kisha akaketi kando yangu, akasema kwa upole, "Lakini hatuwezi kukaa mpaka jioni. Huku juu hapaliwi chakula, na jua lisitue tukiwa mlimani. Tupande au tushuke, sema wewe."

Kushuka kulinitisha kuliko kupanda.

Hapo wakaja watawa wanawake watatu, nguo nyeupe, miguu mitupu, kila mmoja na kifagio cha sufu laini kwapani na kipande cha kitambaa mbele ya mdomo. Walitembea polepole, macho chini. Hasubhai aliinama akaeleza kwa Kigujarati jambo ambalo lilinihusu, maana alininyooshea mkono. Aliyekuwa mzee kati yao alijibu maneno machache, akainama, akapangusa kipandio kilichokuwa mbele yangu kwa kifagio chake, taratibu sana. Kisha wakaendelea.

"Amesemaje?"

"Amesema unatazama mahali ambapo mguu wako haupo. Tazama unapokanyaga. Kuna mwenye uhai."

Nilitazama. Sisimizi walikuwa wakikatiza kipandio kwa mstari mmoja, wengine wakibeba bawa la mdudu. Kifagio kilikuwa kimewasogeza wachache pembeni, nao walikuwa wanarudi kwenye mstari wao. Laiti ningenyanyuka kwa pupa, ningewakanyaga.

Mimi nimefundishwa kazi ya juu na mafundi wengi, na wote waliniambia usitazame chini. Pale nilifundishwa kutazama chini, karibu kabisa, kwa ajili ya mwingine. Niliomba kimoyomoyo, kwa jina la Yesu, sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Bwana, nipe kipandio kimoja. Nikanyanyua mguu, nikawavuka. Nikatafuta kwenye kipandio kilichofuata kama kuna mwenye uhai. Hakikuwa na mtu. Nikakanyaga.

Tulipanda hivyo. Sikulitazama bonde. Kilichonishughulisha ni kutoua. Sijui ni saa ngapi nilitambua kwamba ni mimi niliyekuwa namwambia Hasubhai aharakishe.

Kileleni kuna marumaru nyeupe na utulivu ambao siwezi kuueleza. Hasubhai aliingia kuabudu kwa desturi yake. Mimi niliketi uani, nikamshukuru Mungu wangu kwa desturi yangu. Mama Njeri, shingo ilibaki wima. Hasubhai alipotoka, macho yakiwa mekundu, aliniambia kwamba jina la kale la mlima ule linahusu kushinda adui, nao huelewa kuwa ni adui wa ndani. Baadaye nilisoma mwenyewe juu ya dini yao. Hawamtaji Muumba kama tunavyomtaja sisi, na sitajifanya kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Lakini waalimu wao huwaita wafanya kivuko, watu wanaoonyesha pa kuvukia. Nami, ndugu zangu, nilivushwa. Aliyenivusha namjua. Ufagio aliuazima kwa jirani.

Kushuka kulikuwa kugumu zaidi, maana bonde linakuja usoni. Mara mbili nilisimama. Mara zote mbili nilitafuta sisimizi. Chini tuligawiwa chai na ladu, yale madonge matamu ya unga, kama wanavyogawiwa mahujaji wote, na Hasubhai akanyoosha goti lake bovu juu ya benchi, akaliambia, "Sasa unaweza kwenda kwa daktari."

Nilirudi Doha. Siku ya kupimwa tulipelekwa kwenye jengo moja hapahapa Abu Hamour. Msimamizi akasema, "Yalla, Barasa, panda." Otieno alishika ngazi chini, ingawa hakutakiwa, akaninong'oneza, "Baba, leo unaenda mwenyewe ama utatuma barua?"

"Shika ngazi, wewe."

Nilipanda. Woga ulikuwapo, sitawadanganya, hata leo upo kidogo. Karibu na juu nilisimama.

"Umekwama?" Otieno aliita, na sauti yake haikuwa na utani tena.

Mbele ya vidole vyangu, juu ya chuma, sisimizi mmoja alikuwa anakatiza.

"Hapana," nikamjibu. "Nangoja mwenye njia apite."

Alipopita, nikapanda hadi juu.

Ndugu zangu, nimeongezewa mkataba, Nekesa anaendelea na masomo, na Hasubhai anatembea kwa goti lake jipya akilalamika kwamba halijui hija. Kama nawe kuna ngazi inayokushinda, usingoje bonde liondoke ndipo umwamini Mungu. Mwombe kipandio kimoja, kisha tazama vizuri nani yuko juu yake. Nimemaliza. Mchungaji akiniruhusu, leo ningependa kwenda kuketi roshani.