Bwana Kikombe na Uji Usionyweka

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha rojo, Bwana Kikombe anastaafu tarehe 30 Juni, na kiwanda chetu kizima cha karatasi hakikaliki kwa shamrashamra.

Jina hilo alijipatia mwenyewe siku ya kwanza kazini. Wenzake walipotangaza kwamba uji umeiva, alijitokeza na kikombe na kuuliza sukari iko wapi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hapa "uji" ni rojo la karatasi, yaani magogo yaliyopikwa mpaka yakalainika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akachota rojo kwa kikombe kilekile, akalitazama kwenye mwanga, na tangu hapo yeye na kikombe hicho hawakuachana.

Kwa kikombe hicho alizijua tabia za kila rojo. La msonobari lina nyuzi ndefu, huifanya karatasi iwe ngumu kuchanika. La mkaratusi lina nyuzi fupi, hutoa karatasi laini ya kuandikia. La karatasi chakavu ni rahisi lakini limechoka. Mkewe anasema hata kadi za harusi alizichana pembeni kwanza aone nyuzi zake, ndipo akasoma nani anaoa.

Kisha ukaja mwaka ambao msonobari uliadimika. Karatasi ikawa inakatika mashineni, oda ya madaftari ya shule inaponyoka, na meneja akatuambia wazi kwamba tukishindwa, mashine itazimwa na sote tutarudi nyumbani. Bwana Kikombe akapendekeza makapi ya miwa yatiwe katani. Jaribio la kwanza lilitoa karatasi yenye manyoya. Fundi mashine akauliza kama ni ya kuandikia au ya kunyolewa. Bwana Kikombe akapunguza katani, akaipika zaidi. Kabla mashine haijawashwa tena alisimama mbele yetu, akasema: "Hii isipokatika, mtanipa uji wangu wa siku ile."

Haikukatika. Tulikumbatiana, wengine tukalia, madaftari yakaenda shule na hakuna aliyepoteza kazi. Katika shangwe zile, uji wake tukausahau.

Kaka, asante kwa kazi zetu, na kwa vicheko vyote. Kapumzike kwa amani, afya iwe tele, na shemeji apate kadi nzima za kusoma. Ila usitoke kwanza. Kikombe chako kimesuguliwa, kipo meza ya mbele. Uji ni wa moto, na safari hii sukari ipo.