Msiifute Sita ya Bi Saa

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize kwa masikio yote mawili, maana sauti niliyonayo ni kidogo na ya kupoteza sina. Kifunguamimba, weka simu chini, haitakufa leo.

Nyumba ni yenu wawili, hilo halina mjadala, na mkigombea vyumba nitawasikia huko niendako. Neno langu liko kwenye kabati la chuma: kurasa mia tatu za programu ya hospitali inayoita saa za dawa, niliyoiandika kwa mtindo niliofundishwa ujanani, aya ya maneno ya watu kwanza, ndipo mistari ya amri za mashine, ili msomaji aijue sababu kabla ya amri. Wewe, baba, umepewa kazi ya kuihamishia lugha mpya ya kompyuta, kwa kuwa ile yangu imezeeka kama mimi, na Jumatatu mnaiwasha. Uliniuliza, "Mama, maneno yote haya ya nini? Mashine haiyasomi." Nikakwambia mashine haisomi, wewe je? Ukacheka. Juzi umeniletea tafsiri yako, nyembamba, safi, nikautafuta ukurasa wa arobaini na moja nisiuone. "Kulikuwa na sita inajumlishwa kwenye kila saa," ukasema, "haina kazi, nimeitoa." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na changu kimeshaketi hapa miguuni; basi acheni nijiumbue mwenyewe. Sita hiyo niliwahi kuitoa mimi.

Nilipoihamisha programu hii mara ya kwanza, kutoka lugha ya zamani zaidi, nilikuwa na haraka na sifa, nikatafsiri amri nikaziacha aya, na sita bila aya yake nikaiona mzigo, nikaitoa. Na aya ile ilieleza jambo nililofundishwa na muuguzi mkuu, tuliyemwita Bi Saa kwa ukali wake wa muda: muuguzi akiandika saa nane mchana, mashine, ambayo huanza kuhesabu saa sita usiku, huelewa asubuhi, ile tunayoiita saa mbili; kwa hiyo ongeza sita. Nilipoitoa, sindano ya mtoto mmoja ikaitwa saa mbili asubuhi. Zamu ya asubuhi ikachoma kwa kutii mashine, zamu ya mchana ikachoma tena kwa kutii faili lililosema saa nane, siku tano mfululizo. Mtoto hakufa. Dawa ilimzidi, hasikii mpaka leo. Uongozi ukasema mashine haikosei, kakosea aliyeandika saa nane, naye alikuwa Bi Saa; akafukuzwa mbele yangu, nami nikatazama viatu vyangu. Mashine haikosei! Mashine hutii tu. Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mimi. Nikairudisha sita kimyakimya, na aya yake, lakini sikuandika ilitoka kwa nani wala ilimgharimu nani. Ndiyo maana uliiona haina kazi. Robo ya kosa ni yako, mwanangu. Robo tatu ni zangu.

Basi Jumatatu msiiwashe. Wewe binti yangu, mwenye ulimi wa kubishana hata na ukuta, chini ya mto wangu kuna barua. Isome mbele ya wakubwa wa hospitali, usipunguze neno wala usinisafishie jina. Nakala mpelekee yule mtoto, siku hizi mtu mzima. Nimeiandika kwa sababu kusema naye sikuweza. Nyingine mpe Bi Saa, mkononi. Akikufukuza, fukuzika, kesho yake urudi.

Na wewe, baba, kaa na dada yako mtafsiri maneno kwanza, aya kwa aya, ndipo amri. Hapo kwenye sita mwandike jina la Bi Saa. Jina lake kamili.

Nipeni maji... inatosha. Mungu awape macho ya kusoma, na... na midomo ya kusema bila kutazama viatu. Pendaneni. Nimechoka.

Mkiulizwa mama yenu kaondoka saa ngapi, semeni. Halafu... semeni ni saa ya nani.