Neno la Daktari kwa Binti wa Seremala

Basi lilipopita kwenye mashimo, seremala aliyeketi mbele yangu alijikandamizia mto mdogo tumboni. "Pole, kaka," alisema mama mshonaji aliyekuwa kando yake. "Umepasuliwa?"

"Wiki ya tano leo. Wamekata kipande cha utumbo mpana. Kulikuwa na vinyama, ila havijawa saratani bado." Uji sasa unakaa, alisema, lakini randa hajaishika, na chooni anakwenda kwa hofu kama mtoto. Mimi nilikuwa nasoma gazeti, ukurasa uleule kwa vituo vitatu.

"Mshukuru Mungu."

"Namshukuru. Lakini daktari anataka na binti yangu apimwe, kwani vinarithiwa. Na mwezi ujao anaolewa."

"Mwambie leo."

"Acha kwanza afurahi, dada."

Mama alimgeukia. "Baba mkwe wangu naye aliogopa kututia simanzi. Alipasuliwa, akapona, akafunga mdomo. Mume wangu kufika hospitali, ni saratani tayari. Nimemzika akiwa na miaka arobaini na moja. Mzee sijamsamehe, na ndiye ninayempikia kila siku."

"Pole sana, dada. Lakini binti yangu humjui."

Basi likasimama. Msichana aliyekuwa akingoja kituoni alimshika seremala mkono alipokuwa akishuka. "Baba, daktari kasemaje?"

"Kasema nimepona, mwanangu."

Msichana akaruka kwa furaha. Mama mshonaji alikuwa ameshafungua dirisha, lakini neno halikumtoka.